Mstari wa Buluu Ukutani

Mjukuu wangu Tumaini, kamwene.

Huku Kitandililo baridi imetushika, ila tupo. Shangazi yako amevuna viazi, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeuliza kama uchore kwa mkono juu ya slaidi zako mbele ya wahadhiri, au watakucheka. Ngoja nikusimulie.

Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, nikiwa msichana, alikuja fundi wa maji na projekta na jenereta yake. Alitaka tuchimbe mtaro wa kulaza mabomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi kijijini. Akamulika ramani ukutani mwa darasa, imechapwa vizuri kabisa kwenye plastiki angavu. Wazee wakapiga miayo. Maji yashuke bondeni, yapande kilima, yatufikie bila mashine? Nani aamini!

Basi akachukua kalamu ya buluu, akachora palepale juu ya ile plastiki yenye ramani. Ukutani tukaona mstari unatoka kwenye chemchemi, unatetemeka, unashuka, unapanda, unakuja. Mama yangu alikuwa amekaa sakafuni, chini ya ukuta. Mstari ulipomfikia, akainua kitenge chake na kuvuta miguu, asilowe.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa mlimani na majembe.

Siku maji yalipotoka bombani kweli, mama akainua kitenge vilevile. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Chora, mjukuu wangu. Wakicheka, wewe angalia miguu yao.

Ni mimi, bibi yako.