Siku Mama Alipoongoza Maandamano Athene

Athene, Alhamisi. Jua kali, na harufu ya mabomu ya machozi inaingia hadi chumbani hotelini.

Mji umegoma. Mabasi hayapo, maduka yamefungwa, na sisi mahujaji tuliambiwa asubuhi tukae ndani. Ni ville morte, siku ya mji kufa, kama zetu za nyumbani, ila hapa wanagoma watu wenye viatu vizuri.

Mama alikataa kukaa. Baba yangu alikuwa katekista kule Kabambare. Maisha yake yote alifundisha juu ya mahali pale Athene ambapo Mtume Paulo alihubiri, na hakupaona. Mwaka jana, tulipomzika, mama aliapa kwamba atafika kwa niaba yake. Na kesho tunapanda ndege. Ilikuwa leo au basi.

"Mwanangu, miye sikupita mbinguni na ndege ju ya kukula mikate ya hoteli," aliniambia mimi bintiye. Akafunga kitambaa kichwani, tukatoka.

Nakiri niliogopa. Kule Kasongo, mkoani kwetu Maniema, mimi ni mwalimu, nanyamazisha darasa zima kwa jicho moja, lakini polisi wenye ngao ni jambo jingine.

Mama alikuwa na dawa yake. Kwetu, mtu akipita kwenye fujo na tawi bichi mkononi, kila mtu anajua hana ubaya. Alivunja matawi mawili ya mzeituni kando ya njia, lake na langu. Tukayainua, tukaenda katikati ya barabara, polepole, kama watu wa msiba.

Nyuma yetu makofi yakalipuka.

Nikageuka. Waandamanaji walidhani tuko upande wao! Walikuwa wanatufuata na bendera zao, wakiimba. Wanawake wawili wa Maniema tunaongoza maandamano ambayo hata sababu yake hatuijui.

"Usiangalie nyuma," mama alisema. "Watazani tunawaogopa."

Askari mmoja akaja mbio. Bahati nzuri alijua Kifaransa. Nilimweleza habari za mjane na marehemu katekista. Alimtazama mama na tawi lake, akacheka, akatupitisha pembeni kwenye kijia. Magofu makubwa ya juu, yale ya nguzo nyeupe, yalikuwa yamefungwa kwa mgomo. Mahali pa Paulo pako nje ya geti, hakuna wa kupafunga.

Mama alipanda kwa mikono na magoti, maana mawe yanateleza kama sabuni. Alipofika juu alisimama, akaita jina la baba.

"Nimefika," akamwambia. "We ulikuwa unatuambia iko mulima, na iko jiwe tu. Ulitudanganya, bwana yangu."

Akacheka sana. Halafu akalia, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Nilikaa chini nikamshika miguu asianguke.

Tukiwa njiani kurudi hotelini nilimuuliza: kule Kabambare tutawaambia waumini kwamba ni jiwe?

Alinitazama kama vile mimi ni mtoto asiye na adabu.

"Iko mulima," alisema. "Tena murefu."