Nilizima Umeme, Mjomba

Ofisi ya Vibali, ghorofa ya pili
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu baridi ianze? Na Mkazamjomba, bado anagombana na jirani kuhusu yule jogoo? Mimi ni mzima wa mwili; moyo tu ndio unaokwenda kama cherehani.

Nianze na lililo jema. Mwanao Radi anakula na kutania. Lakini amelazwa, mguu wa kushoto umevunjika. Aliwaambia kwa simu kwamba aliteleza ngazini, kwa kuwa anajua usivyoupenda ule muziki wake wa metali. Hakuteleza, Mjomba. Chanzo ni mimi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti isingefika mwisho.

Jumamosi mchana ofisi ilinituma kukagua tamasha la Radi na wapenzi wenzake wa muziki huo, nihesabu watu na milango ya dharura. Ukumbi hauna hata dirisha. Magitaa yalinguruma hadi meno yakanicheza, na vijana wenye fulana nyeusi wakapigana vikumbo huku wakicheka. Mama muuza tiketi aliniona nimekumbatia faili, akasema, "Karani, usiwaogope. Wanasukumana kama mafahali, lakini ukidondosha miwani utaletewa mkononi."

Sikumsadiki. Msichana mmoja akaanguka, na mara walio karibu wakamzunguka, mikono juu. Kumbe ndiyo desturi yao: mikono huinuliwa ili wa nyuma waone, waache kusukuma, mpaka aliyeanguka asimame. Mimi niliona ngumi. Nikamkimbilia fundi umeme: "Zima! Wanamuua!" Aliona kitambulisho cha ofisi shingoni mwangu, akazima kila kitu.

Gizani mikono haionekani. Wa nyuma wakaja kwa kishindo. Radi, mmoja wa waliomzunguka, alikuwa amemfunika yule msichana kwa mwili wake, wakamkanyaga mguu ukavunjika. Msichana hakupata hata mkwaruzo.

Mkuu wangu anataka ripoti kesho asubuhi. "Mwanangu, andika wahuni walifanya fujo," aliniambia. "Nani atabisha? Si uliona walivyovaa?" Nikiandika hivyo, ukumbi utafungwa na rafiki zake Radi watashtakiwa. Nikiandika ukweli, kazi sina, na unajua Mama ananitegemea mimi tu. Usingizi nimeusahau.

Wanaonimaliza ni wale wenye fulana nyeusi. Wanakuja wodini kwa zamu, wanamwogesha, wanamsomea magazeti. Jana mmoja mwenye pete puani alinipisha kiti: "Kaa, dada, wewe ndiye ndugu." Nikakaa; hawajajua kwamba giza lile lilitoka kwangu. Radi akacheka, "Mwacheni huyo, ngoma zetu zinamtia homa!"

Ripoti nimeiandika. Mstari wa kwanza unasema: aliyeamuru umeme uzimwe ni mimi. Saini imetoka kama ya mtoto wa chekechea, lakini ipo. Leo saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, nitamsomea Radi mbele ya wenzake kabla mkuu hajaiona.

Tafadhali usimkemee kwa fulana zake. Kemeo lote nitumie mimi.

Nisalimie Mkazamjomba, Bibi, na Kifungua Mimba wenu. Mungu awalinde na hofu inayomfanya mtu amwone anayeokoa kuwa adui.

Niombee. Nikianguka pale wodini, sijui kama yupo atakayeinua mikono.

Mpwa wako akupendaye, hata usiponijibu,
Kalamu