Kaburi la Mota la Kigen

Chepkirui, weka hiyo chai chini. Kigen wetu amejimaliza kanisani Njoro!

Si anamtaka Linah, binti ya mchungaji? Basi akaunda kaburi la Pasaka: mota ya waipa ya gari, taima ya kuiwasha, na kasanamu ka Yesu ka kupanda juu.

Mchungaji alimwambia mahubiri ni nusu saa, naye akategesha taima hapo. Nusu saa! Mchungaji gani humaliza kwa nusu saa?

Kwenye mahubiri Yuda hata hajambusu Bwana, Yesu huyo juu! Halafu chini. Halafu juu tena! Kigen alisahau swichi ya kuzima mota sanamu ikifika juu.

Mchungaji akamgeukia: "Kijana, alifufuka mara moja."

Na Kigen, bila haya: "Sasa posa nilete lini, baba?"

"Siku huyo Yesu wako atakubali kukaa mbinguni."