Mtoto wa Pongo Jikoni Kwetu

Jumanne, 6 Mei 2025

Ukungu tangu asubuhi. Msitu wa Olmotonyi hauonekani kabisa, utadhani umehama. Mama mkwe ameleta mtori wake wa ndizi tena, bakuli limejaa mpaka juu! Nilipojifungua alikuja kutoka Machame na mkungu wa ndizi na mbuzi wa kunichinjia. Ndiyo desturi – mzazi alishwe, asiguse jembe wala maji ya baridi. Mwanangu akafariki siku ya pili tangu azaliwe, hata kubatizwa hakuwahi. Mama mkwe hakurudi kwake. Anasema mwili umezaa, mwili haujui kama mtoto amekufa. Basi anapika. Mimi sili. Nakoroga tu, mtori unapoa, anachukua bakuli.

Rodrick yuko dukani Levolosi na spea zake. Mume wangu naye amejua kuikimbia nyumba.

Nalepo jirani alipita kukata majani ya mabingobingo ya ng'ombe wake huko nyuma ya nyumba. Akaanza, "Mama..." halafu akakatisha. Tumbo lilipokuwa kubwa alishaanza kuniita Mama Lucky. Leo nimerudi kuwa Brightness. Haya.

Jumatano, 7 Mei

Jamani! Nalepo kabisha mlango wa jikoni na kitu amekifunga kwenye shuka. Mtoto wa swala wa msituni! Mwekundu, madoa meupe mgongoni, masikio makubwa kuliko uso. Anasema alimkuta kalala peke yake katikati ya majani, nusura panga limpitie, wala hakukimbia. Ametupwa huyu, anasema. Au mama yake kaliwa.

Nilitaka kumwambia ampeleke kwake, hapa tuna msiba. Badala yake nikanyoosha mikono.

Hana uzito. Moyo wake unadunda kwenye kiganja changu mbio mbio.

Nimefungua lile sanduku la vitu vya mwanangu. Niliapa sitalifungua! Chupa ya kunyonyeshea ilikuwa bado na karatasi yake. Nalepo akaleta maziwa ya ng'ombe wake, nikayapasha vuguvugu, nikampa mtoto. Akakataa. Akakataa tena. Halafu akashika chuchu akavuta, macho kayafumba. Nililia mpaka kamasi. Mama mkwe alisimama mlangoni, anatutazama.

Jioni nimekula mtori. Bakuli zima.

Ijumaa, 9 Mei

Sijaandika jana, nilikuwa na kazi. Nina kazi! Ananyonya, analala kwenye kanga yangu chini ya meza, akiamka ananitafuta. Nikienda chooni ananifuata, kwato zinateleza kwenye vigae – nimecheka. Nilisikia sauti yangu nikashtuka.

Rodrick ameiona ile chupa. Akageuka akatoka nje hivyo hivyo, pekupeku. Aliporudi macho mekundu. Akasema huyu ni mnyama wa serikali, tutafungwa. Nikamwambia watufunge basi! Mama mkwe akamwambia amwache mkewe.

Jioni mbwa kabweka huko juu, upande wa msitu. Sauti nzito ya kukwaruza, kama mzee mwenye kikohozi. Mtoto akasimamisha masikio. Mama mkwe akasema ni mbwa wa kwa Nalepo, akaongeza sauti ya redio. Kwaya, bati zima linatetemeka!

Jumapili, 11 Mei

Hakuna aliyekwenda kanisani. Mtoto anaharisha. Maji matupu, mkia wote umechafuka. Nimemfuta kwa nepi – ndiyo, nepi. Chupa anaitaka, lakini akisimama miguu inalegea. Mama mkwe anasema tujaribu uji mwepesi. Naogopa. Siwezi kuzika tena mwaka huu.

Nimemwomba Rodrick atafute namba ya watu wa wanyamapori. Ameipata. Hakusema "nilikuambia". Kwa hilo nimempenda upya.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga simu. Afisa anaitwa Gerson. Nilidhani atafoka, kumbe anaongea taratibu kama mchungaji. Kauliza alipatikana wapi. Alikuwa na kidonda? Hana. Alikuwa analia? Hapana, alikuwa katulia tu.

Akasema: dada, huyo hakutupwa. Ni mtoto wa pongo. Pongo humlaza mwanawe majanini akaenda kula, halafu hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala tuli vile ili asionwe. Ukimkuta hana jeraha, unapita zako. Na hayo maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayomharisha. Akauliza, jioni hamsikii mnyama akibweka hapo karibu?

Nikasema tunasikia mbwa.

Pongo hubweka kama mbwa, dada, akasema.

Nikakaa sakafuni. Nalepo hana mbwa! Nimeishi naye jirani miaka yote hii na najua hana mbwa.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza: Mama, ulijua? Hakuinua uso. Akasema alijua tangu jioni ya kwanza, kwao Machame pongo wanaingia mpaka migombani. "Ulikuwa umekula, mwanangu. Ningefanyaje?"

Nimemkasirikia. Kumchukia nimeshindwa. Amemnyima mama mwingine mwanawe ili mimi nipate kula. Na nikala! Nikaongezwa bakuli la pili!

Gerson anasema kama mama yake bado anabweka, bado anamtafuta. Tumrudishe palepale jua likielekea kuzama, tuondoke, chupa asipewe tena. Mama asipomchukua, nimpigie asubuhi, watakuja wao. Lakini nisichelewe.

Nimesema kesho.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Atapata baridi. Kesho.

Leo mama yake amebweka mara moja tu.

Jumatano, 14 Mei

Nimempeleka mwenyewe. Rodrick alifunga duka mapema, akatembea nami mpaka kwenye mabingobingo. Mvua imekatika. Nikamlaza pale alipotuonesha Nalepo, nikamkunja miguu chini ya tumbo. Akanitazama. Rodrick akanishika mkono, tukarudi bila kugeuka, kama tulivyotoka makaburini.

Hatukufika mbali. Anatufuata! Kwato zile, tak tak tak, kwenye mawe ya uani. Tukaingia, nikasukuma komeo.

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jikoni. Upande wa pili yuko yeye. Anaupiga mlango kwa kichwa, vile anavyodai maziwa. Kila pigo nalisikia kwenye uti wa mgongo. Kifua kimelowa maziwa, blauzi yote – mwili wangu mjinga huu!

Mama mkwe anasema nimfungulie, atakufa na baridi. Analia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyozika. Rodrick yuko dirishani. Anasema kuna kitu kimesimama pale majani yanapoishia. Kimesimama tu.

Sasa amebweka. Karibu sana, kuliko siku zote.

Mlangoni kimya. Nikasema amesikia, anakwenda. Halafu akapiga tena, chini kidogo, kama amepiga magoti.

Rodrick anasema yule wa kule amesogea hatua, amesimama. Haji mpaka huku. Anaogopa nyumba. Lazima mtoto amfuate yeye.

Namwambia kupitia mlangoni: nenda, baba. Nenda kwa mama yako. Nenda.

Akisikia sauti yangu anazidi kupiga.

Nimefunga mdomo.