Dani, Mvua Imefika na Ogola Hajapanda

Mpendwa Dani, nyanya yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, hiki ulichokiokota kwenye machimbo ya dhahabu kule Masara, kwa sababu Ogola hakisomi. Barua ya Dholuo angeichukua akaipeleka kwa mtu asomewe. Hii hata akiiona mezani atadhani ni kazi ya shule.

Unajua mimi siwezi kuongea mbele ya watu. Ulikuwa ukinicheka, ukisema nyanya aliyewagombeza wachimbaji wenye miili kama ng'ombe amepata mjukuu anayejificha nyuma ya mlango wageni wakija. Basi siku ya kukuzika nilijificha tena, ingawa nilisimama palepale mbele yao. Ogola alisimama juu ya udongo mbichi, akasema mke wa marehemu kaka yake alizurura dunia nzima lakini yeye ndiye aliyekulisha. Watu wakaitikia. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu.

Yeye alikulisha wapi? Babu alipokufa, Ogola alitaka kukurithi wewe na mke mwenzako pamoja. Nyanya Mdogo alikubali. Wewe ulikataa, naye akapanda juu ya nyumba yako akang'oa nyasi, mvua ikamalizia kuta. Ukajifunga leso kiunoni ukaenda Masara kuponda mawe pamoja na wanaume. Ukavuka mpaka wa Tanganyika na mizigo ya tumbaku. Ukaishia Kisegi, ukanunua samaki ziwani na kuwapeleka sokoni, na pesa zile zikanilea mimi baada ya baba, mwanao wa pekee, na mama kufariki. Uhuru ulipokuja na wanaume wakacheza ngoma usiku kucha, ulisema wako ulijichimbia Masara zamani.

Lakini kila masika Ogola alikufuata. Wewe ndiye mikayi, mke wa kwanza wa boma lile, na hakuna mkono unaoweza kutia mbegu ardhini kabla ya wako. Anayeruka mwiko huo anapatwa na chira, anakonda mpaka anaisha. Nakumbuka likizo ile nilipokuwa nawe Kisegi, akaja na kofia yake mkononi. Mama mmoja muuza samaki akamwuliza, "Mzee, umekuja kununua samaki au mke?"

Wewe hukuinua hata uso. Ukamjibu mama yule, "Mwambie mke hana bei hapa. Samaki wapo."

Tulicheka mpaka nikasahau aibu yangu. Kesho yake ulienda ukapanda, ukanawa mikono kwenye mtaro wa barabara, ukarudi Kisegi bila kunywa hata maji yake. Kila mwaka hivyo. Nilikuuliza mbona usimwache afe njaa. Ukaendelea kupanga samaki wako. Sasa naanza kujua kwa nini, na sipendi kujua.

Ulipokufa, desturi ilimbana tena. Mke hazikwi mahali asipokuwa na nyumba, kwa hiyo ilibidi akujengee moja kabla ya kaburi. Unajua alichojenga, Dani? Kibanda cha mabua ya mahindi. Mikayi wa boma amelazwa kando ya kitu ambacho mbuzi walikila kabla matanga hayajaisha. Mimi niliwaona wakitafuna. Siku ile ndipo nilipoanza kumchukia kikamilifu, na kila usiku bwenini, wenzangu wakisali, mimi nilimwombea Ogola mvua nyingi na shamba tupu.

Na mvua ikaja. Wazee wakaketi, wakasema nyumba yako bado ina mtu, hata kama ni msichana wa shule, na mkono wake utatangulia badala ya wako. Basi Ogola akapanda gari mpaka shuleni kwangu Asumbi. Sista akaniita. Nilimkuta amesimama karibu na kanisa, viatu vimejaa matope, akaniita mjukuu wake mpendwa, jina ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Akasema majirani wote wameshapanda, amemwomba Sista aniachilie siku chache.

Nilitafuta mlango wa kujificha nyuma yake, Dani. Lakini sauti ilitoka.

"Mikayi hutoka mlangoni kwake akiwa na mbegu. Mlango wa Dani uko wapi?"

Akasema tutatafuta njia. Nikamwambia njia ni moja: ajenge. Si mabua. Miti, udongo, nyasi, na mlango wa mbao. Akanitazama kama mtu aliyeumwa na kifaranga, kisha akageuka akaenda.

Alidhani wazee watamtetea. Walimwambia msichana amesema sawa. Basi amejenga, Dani, mvua ikimnyeshea. Udongo ulikuwa unateleza ukutani anaupaka tena, nyasi zimelowa, na anakohoa kama trekta bovu. Wapita njia walisimama kumpa pole, wengine wakamwuliza kama anaoa tena uzeeni. Mimi Sista aliniruhusu kuja, nikakaa kwenye kiti nikaangalia mpaka nyasi ya mwisho. Padri akiniuliza kama nilimhurumia nitasema hapana, na hiyo haitakuwa toba.

Leo imekamilika. Niko ndani sasa hivi, ukuta bado unanuka udongo, kikapu cha mtama kiko miguuni. Ogola yuko nje na majembe na watu wake, wananingoja. Nilipanga nikae humu mpaka masika yapite, aone mwenyewe njaa ilivyo.

Lakini asubuhi Nyanya Mdogo aliingia na uji. Aliuweka, akakaa chini, akafunga na kufungua pindo la leso yake. Mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikubomoa kitu. Wanangu pia hawakubomoa." Akatoka kabla sijajibu. Uji ulikuwa na maziwa, na ng'ombe wao mmoja tu ndiye anayekamuliwa.

Kwa hiyo nitatoka. Kwa ajili yake na wale watoto, nitapanda. Ila barua kwanza. Naiandika kwa ule mwandiko wa masista, herufi moja baada ya nyingine, na kila nikimaliza mstari nasikia Ogola anakohoa pale nje. Mvua imeongezeka tena. Hakuna aliyemwambia aingie.

Lala mlangoni kwako, Dani.

Mimi,
mjukuu wako, mtu wa nyumba yako