Baba Ameiona Sauti Yako

Ipagala, Dodoma
9 Julai 2024

Mpendwa kaka Silvano,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Wifi Ruthu na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila upepo wa mwezi huu umetukausha midomo, na Baba analala na koti.

Ulisema Baba hapokei simu zako, ukadhani amekununia kwa sababu ulihama. Hapana, kaka. Masikio yake yamekwisha. Alinikataza nisikuambie, lakini nimechoka kuficha.

Unakumbuka kule Mlali alivyokuwa akiegemeza sikio kwenye redio za watu, nasi tukikatazwa hata kutafuna karanga? Aliujua ugonjwa wa redio kabla hajafungua kifuniko. Naukumbuka sana ule ukimya wetu. Mwaka huu aliniachia meza ya ufundi, akawa anashinda uani akiota jua, hataki kuulizwa lolote.

Sasa nimenunua osiloskopu, kile kipimo kinachouchora umeme kama mawimbi kwenye kioo. Ni ya Kichina, ya bei nafuu, ndogo kama simu, na vitufe vyake vina kiburi. Juzijuzi waliniletea amplifaya ya kwaya kutoka Ihumwa, inakoroma. Nilipogusisha waya wa kupimia, Baba alikuwa akipita, akasimama. Mawimbi yalikuwa yamekatwa vichwa, bapa badala ya kuviringana juu.

"Hapo sauti inaumia," akasema, akavuta kigoda.

Tukaifuata mpaka kwenye transista mbovu. Tangu siku hiyo ananifukuza kwenye kiti changu mwenyewe.

Jana niliunganisha simu yangu, nikaucheza ule ujumbe wako wa sauti wa Pasaka. Mstari ukaruka. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, na "shikamoo Baba" yako ikabaki imetulia kwenye kioo. Nikaandika jina lako na hiyo shikamoo kwenye vumbi la meza ili ajue ni nani na anasema nini. Alitazama, akalia, nami nikalia. Alikula ugali na mlenda osiloskopu ikiwa kando ya sahani, akanikataza nisiizime mpaka ikaisha chaji.

Shangazi Emiliana anawasalimu, anamuulizia sana Abeli wenu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Baba anaomba utume sauti nyingine, ndefu, usiharakishe. Na ile shikamoo yako ya Pasaka, amesema nikuandikie: marahaba, mwanangu.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Anyesi