Taa Mbili za Pembeni

Jumapili, 1969. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wote wa Buyenzi ni matope, na mimi nimeamka nikicheka peke yangu.

Jana nilivunja amri.

Mimi ni fundi umeme, wa kufunga nyaya majumbani. Mwaka mmoja sasa nawasha pia taa za jukwaa la Madame, Mbelgiji anayefundisha ballet, dansi ya Kizungu, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Rohero. Baba anadhani naenda kule kubadilisha glopu. Sijawahi kumwambia mtu ninavyoipenda kazi hii.

Kwenye onyesho la jana mchana, kwa mara ya kwanza, mchezaji mkuu alikuwa mtoto wa hapa: Espérance, miaka kumi na saba. Madame alitaka mbalamwezi, yaani taa za bluu tupu kutoka mbele. Asubuhi, kwenye mazoezi, bluu ile ikammeza. Gauni jeupe likawa linacheza lenyewe; uso hakuna.

Akanifuata nyuma ya pazia. "Rajabu, mi ninaonekana?"

"Unaonekana."

Nilimdanganya. Nikaenda kwa Madame.

"Madame, uso wake hauonekane."

"Apana kugusa kitu, Rajabu. Ule ni mwezi."

Alipokwenda kula, niligusa. Nilishusha taa mbili, nikazifunga pembeni mwa jukwaa, moja kila upande, usawa wa kiuno, nikazivisha karatasi ya rangi ya asali. Nikikosea, nafukuzwa mimi na anachekwa Espérance.

Pazia likafunguka. Nikaziongezea nguvu polepole. Mwanga ukamshika bega, shingo, shavu, mguu wote mpaka kidole. Kwenye safu ya tatu mama yake akasimama. "Ni mutoto wangu ule! Munamuona?"

Wakamuona.

Baada ya makofi Madame alikuja, akainama kuzikagua zile taa.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna, Madame. Nilimuangalia yeye tu."

"Basi ballet ijayo utapanga taa wewe, toka mwanzo. Na jina lako tutaliandika kwenye programu."

Nilimtafuta Espérance, nikakiri kwake uongo wangu wa asubuhi. Akanipiga ngumi ya bega, akacheka, akalia.

Kesho nitakaa kwenye kona ya darasa lao na daftari, nijifunze kila hatua kabla ya kugusa waya hata mmoja. Naogopa kidogo.

Lakini nitakwenda.